Mtia Chumvi

Jumanne, saa nane mchana, chumba cha chini, Duluth.
Bomba la mvuke linakohoa ukutani.
Tuko tisa mezani pamoja na mwalimu,
kila mmoja na nakala ya kurasa zangu,
na sheria ni moja: mwenye hadithi hasemi.
Analala kimya kama maiti anayeoshwa,
wenzake wamgeuze huku, wamgeuze kule,
wapitishe maji wanapotaka.

"Mwanzo umechelewa," anasema Pa Nhia,
ambaye ana huruma, ndiyo maana huanza yeye.
Colby anasema baridi imeelezwa mara nne.
(Mara tano. Nimehesabu nikiwa maiti.)
Kisha Ingrid, penseli sikioni:
"Huyu baba simwamini.
Dereva wa lori la theluji, saa kumi alfajiri,
anasimama katikati ya barabara,
anashuka, anambeba kulungu aliyegongwa
mpaka chini ya misonobari,
halafu anamvulia kofia?
Hapa mwandishi ametia chumvi."

Penseli saba zikakwaruza pembeni: chumvi.
Nikaubana ulimi kwa meno.
Nilikuwepo! Nilikuwa na miaka tisa,
nimefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria,
na kofia ilikuwa ya kijani, yenye masikio.

Profesa Haugen hakuandika kitu.
Alipangusa miwani kwa ncha ya sweta,
akanitazama kana kwamba nimepiga kelele.
"Kwamba jambo lilitokea," akasema, "si utetezi."

Usiku nikakata. Kompyuta haitoi damu:
nilimpaka kulungu rangi ya buluu, nikabonyeza,
misonobari ikaenda naye.
Baba akabaki kwenye usukani, akaendesha moja kwa moja,
mtu wa kuaminika kabisa,
asiyeshuka.

Alhamisi alinipigia simu kutoka gereji ya manispaa.
Alikuwa anakula; nilisikia kifuniko cha chupa ya supu.
Baba haulizi maksi. Hajapata kuuliza
digrii ya kutunga itanilisha nini,
ingawa shangazi Lorna huuliza kwa niaba ya ukoo mzima.

"Wiki hii wamekufundisha nini?"
"Kukata."
"Umekata nini?"
Nikamwambia.
Kimya. Injini nyuma yake, mtu akicheka kwa mbali.
"Sasa umemwacha wapi?"
"Nani?"
"Kulungu. Umemwacha pale pale njiani?"

Nikatafuta neno, mimi mwanafunzi wa maneno,
nikaokota hilo hilo la Ingrid:
"Wanasema nimetia chumvi, baba."

Akacheka mpaka akapaliwa na supu.
Miaka ishirini na sita ndiyo kazi yake hiyo,
tani juu ya tani, kutoka kilimani mpaka bandarini,
anaimwaga nyuma ya lori
ili watu asiowajua wafike makwao.
"Ikizidi inaua nyasi," akasema.
"Ikipungua haifanyi kitu.
Unaisikiliza lami."
Nikauliza, lami inasikilizwaje?
Lakini zamu ilikuwa imeanza, simu ikakatika.

Sasa ni saa tisa usiku. Nimemrudisha kulungu.
Nimeondoa machozi, maana baba hakulia,
na mwezi, maana kulikuwa na mawingu,
na sentensi ya mwisho, iliyokuwa ikieleza
kile ambacho mikono ilishasema.
Baridi nimeiacha mara moja.
Kofia ndiyo bado inanitatiza.
Namvua, namvika.
Namvua.

Dirishani, juu huko mtaa wa Nne,
taa ya rangi ya chungwa inazunguka,
lori linapanda polepole kati ya nyumba zilizolala.
Limesimama.
Sioni kwa nini limesimama.