Sanduku la Mabanzi

Mabanzi ya msonobari, masalia ya kiwanda pale Mafinga,
gome bado linanata utomvu.
Nikayapigilia uani:
urefu hatua nne,
upana mkono ufike katikati,
kimo, kiuno cha mama.

Semfilinge akachungulia juu ya ua,
akauvuta mtandio kichwani:
"Poleni. Nani tena?"

"Hajafa mtu. Ni figiri,"
mama akacheka hadi akakohoa.

Tukajaza samadi ya ng'ombe wa Kihwele,
mabua, udongo mweusi wa bondeni,
ndoo kwa ndoo,
ukungu ukitulowesha kope.

Miaka arobaini aliinamia shamba.
Mgongo ulipogoma
ikabidi udongo usimame.

Leo sakitu imeunguza majani ya viazi kule chini.
Yeye yuko wima,
kidole kimezama tutani,
kama anayepima homa ya mtoto.