Birika la Mkunga

Bwana afya alikuja na kijitabu chake
(nilimpokea mwenyewe huyu, alitanguliza miguu),
akachota maji kwa kikombe cha bati,
akanionyesha viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga.
"Bi Mkasi, ama ulifukie kwa mchanga
ama utie samaki."
Birika hili alilijenga baba kwa mawe na chokaa,
siku ambazo mifereji ya Wete ikitoa upepo mtupu.
Mchanga?
Nikamwambia andika: samaki.

Kumbe kuchagua samaki ni kazi kuliko kuchagua mkwe.
Mkwe una pa kumuulizia.

Faki wa Konde akaniletea kambare ndani ya dumu,
mweusi, masharubu ya hakimu,
kila akitazamacho anakitazama kwa njaa.
Nikasema mrudishe.
Huyu atawamaliza wenziwe,
na mvua ikinyesha atoke, atambae hadi jikoni
aulize kuna nini.

Mjukuu wangu Sabiha akataka wa dhahabu.
Mjombake akawaleta kutoka Unguja, sita, kwa boti,
pumzi yao imefungwa kwa mpira
mdomoni mwa mfuko wa plastiki.
Akawamimina papo hapo, pwaa,
kwenye maji ya mfereji yaliyokuwa yananuka dawa.
Alfajiri wanne wanaelea ubavu,
kama maganda ya machungwa.
Sabiha hakulia. Alihesabu,
akarudia kuhesabu.

Tuliwazika chini ya mlangilangi.
Husemwa akioza mmoja wameoza wote.
Wawili walikuwa wazima kabisa,
wanafungua na kufunga midomo
kama watu wanaodai deni.

Basi tukajifunza.
Maji yalale pipani siku tatu, yasahau dawa.
Mgeni asisukumwe ndani: mfuko uelee kwanza,
maji na maji yajuane.
Yungiyungi kutoka bondeni, lakini si mengi, nalo jua lina haki yake.
Chakula bano la vidole vitatu,
chumvi ya mtu mwenye presha.
Kikibaki kinazama, kinachacha,
na maji huona kabla yako.

Kisha nikashuka mwenyewe kwenye mitaro ya mpunga,
kanga kiunoni, miaka sitini na tisa,
kutafuta perege.
Rangi ya matope. Hakuna atakayewaimba.
Niliangalia jicho kama lina ukungu,
pezi kama limechanika,
na anayekubali kushikwa nikamwacha.
Anayekimbia mkono ndiye mzima.

Mwezi wa pili mmoja akasusa kula.
Kidevu kimemvimba, amejitenga pembeni mwa jiwe.
"Anaumwa meno," alisema Sabiha.
Siku kumi na moja hakuonja kitu.
Siku ya kumi na mbili akapanua mdomo
na watoto wakatoka,
wengi, wadogo kama mbegu za mchicha zenye macho.
Nikainama nione. Kivuli changu kikawaangukia,
wote wakarudi mdomoni kwa mama, fuu,
akafunga.

Miaka thelathini na moja wodi ya wazazi.
Mkunga mie. Na mkunga yule wa mwambani, mwenye meno,
tunachangia jina tu.
Lakini huyu perege, asiye hata na kitanda,
mwenye njaa na kinywa kimejaa, asimeze!
Nilisimama na ndoo yangu
sina la kufanya.

Kulasitara alikuja Ijumaa, akatua ukutani kwa adabu,
akaondoka na mmoja wa dhahabu.
Ndipo nikatandaza kipande cha jarife.
Aliyebaki Sabiha kampa jina la mwalimu wake wa hesabu,
na humkaripia akichelewa kuja juu.

Jana bwana afya karudi. Kachota, kaangaza kikombe juani:
hakuna kinachojinyonga.
Kaandika.
Kisha akawatazama perege, wamenona, akalamba mdomo:
"Na hawa, Bi Mkasi, mnawala lini?"

Nikalivuta jarife mpaka ukingoni.
Nikamuuliza chai yake aitaka na sukari ngapi.