Zamu Yangu ya Maji

Usiku wa zamu yangu Stobdan alihamisha jiwe,
mfereji ukageuka, shayiri yake ikanywa,
yangu ikakodoa macho.
Nilimtukana hadi barafu ya mlimani ikasikia.

Jua la Ladakh halina aibu:
lilifyonza shamba lake jani kwa jani,
likayapandisha maji yangu juu
bila ngazi, bila kumwomba mtu ruhusa.

Januari, theluji imelala juu ya paa langu,
nzito kama deni lililozaa.
Nimepanda na sepetu.
Nasukuma. Inaporomoka, puu!
uani kwa Stobdan, mlangoni pake kabisa.

Anatoka, anacheka, anaichota kwa birika.
"Yangdol, shuka unywe chai ya siagi."

Nashuka.
Yale ni maji yangu.