Chaki Ilipoisha

Siku ya nne, Nachingwea, saa kumi jioni,
ubao wangu ni mlango wa ghala la korosho
umepakwa rangi nyeusi.
Wa kwanza Munisi wa Moshi: mapigo mia mbili sabini na tisa.
Wa pili, kwa pigo moja tu, Otiende wa Kisumu,
aliyesimama kwenye shimo la mwisho
kama mtu aliyesahau jina la mkwewe.

Gofu yetu haina majani ya kuringia.
Mashimo tumeyazungushia mchanga na oili chafu ya trekta;
wageni walinuna siku mbili, wakazoea.

Chaki ikaisha, limebaki jina moja.
Somoe akachomoa kopa kapuni mwa mama yake,
muhogo mkavu, mweupe pe,
nikaandika, unga ukinidondokea miguuni:
Nandonde, wa hapahapa, mia tatu kumi na nne.

Nandonde aliyejifunza kwa gongo la mpingo
akipiga madunge,
miaka ishirini akibeba mikoba ya watu.
Akaja, akasoma.
“Hiyo nne si tano?”
“Ni nne.”
“Haya.”

Hundi ikaondoka na gari la Munisi.
Usiku mbuzi wakapita.

Asubuhi mlangoni majina ishirini na saba,
na chini yake, unyevu wa ulimi.
Nandonde akashuka baiskeli, akainama,
akacheka mpaka akashika tandiko.
“Hao wameandikwa tu. Mimi nimeonjwa.”
Akaniomba kopa lililobaki,
akaondoka analitafuna.