Koleo

Cheti cha daktari kinakwisha Jumatatu.
Leo ni Alhamisi, Middlesbrough, mvua haijaamua,
nami nimeketi jikoni na vijiko vyote mezani
kwa sababu mkono wangu umevihesabu tena
bila kuniuliza.

Miaka kumi na tisa nimeosha vyuma vya hospitali.
Si sahani za wagonjwa: vyuma vya chumba cha upasuaji,
mikasi, visu, vibanio vyenye meno madogo,
huja kwetu huku chini, chini hata ya magari,
na damu ya watu tusiowajua,
hurudi juu vikimeta, vimefungwa karatasi ya bluu
na utepe ambao mistari yake hugeuka myeusi
ukishaiva kwa mvuke.
Utepe hujionyesha kwamba umeiva.
Mimi sikubandikwa utepe.

Walinipokea nikiitwa Bimkubwa.
Kufika chai ya saa nne nilikuwa Bim.
Lile kubwa waliliacha mlangoni, nami sikurudi kuliokota;
kodi ilikuwa imefika, watoto walikuwa wawili,
na jina fupi linakaa vizuri kwenye kitambulisho.

Sisemi kazi ilikuwa mbaya. Naomba hilo lieleweke.
Kulikuwa na usiku wa theluji, mabasi yamelala,
tukabaki wanne na redio moja,
Grazyna akigawa keki ya tufaha kwa kisu cha plastiki,
na alfajiri tukasikia kwamba yule mtoto wa ajali
ameamka, anaomba maji.
Hakuna aliyeshuka kutushukuru. Nani hushukuru mkasi?
Lakini nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji ile
kama mtu aliyevaa viatu vya Idi.

Halafu wakapunguza watu, trei hazikupungua.
Halafu Bwana Tranter akaleta saa ya ukutani
inayohesabu kurudi nyuma.
Halafu, mwezi wa pili, mbele ya trei ya nyonga,
nilihesabu vibanio: tano, sita, saba,
na baada ya saba hapakuwa na kitu.
Si kwamba nilisahau. Palikuwa patupu,
kama ngazi uliyoizoea gizani ikikosa kidato kimoja.
Nilisimama na saba yangu mkononi
mpaka Grazyna akanivua glavu, kidole kimoja kimoja,
kama anamvua mtoto.

Kaka yangu Hamadi amepiga simu kutoka Wete.
Kuvunjika kwa koleo, akasema, si mwisho wa uhunzi.
Ananitakia mema, ndugu yangu.
Ana maana pia ya paa la mama, ambalo hatukulitaja.
Tangu hapo nalala na methali hiyo kifuani,
na kila nikiigeuza inachoma upande mwingine.
Mhunzi atapata koleo jingine, sawa,
uhunzi utaendelea, moto hautazimwa.
Na koleo, Hamadi?
Wahenga walilitupa wapi lile koleo?

Nikivumilia miaka sita, pensheni inanenepa.
Raiyan anasema, mama, unahesabu usingizini.
Mdogo wake hakusema; alinionyesha simu yake,
hesabu ya kodi, gesi na chakula,
tunafika Aprili, tukiacha nyama ya mbuzi.
Alikuwa ameshaiacha mwenyewe, wiki mbili nzima.
Nilidhani kijana hana hamu ya kula.

Usiku huu nimeandika barua. Mistari minne.
Nimeiandika mara tatu, maana kila nikianza
kalamu inaanza na samahani.
Ya mwisho haina samahani.
Chini nikatia jina, na mkono ukasimama baada ya m,
ulivyozoea.
Nikausukuma.

Stempu sijabandika.
Kesho nayo ina ulimi wake, na Jumatatu ina wake,
na Hamadi atapiga tena.

Vijiko nimevikumba kwa mikono miwili
nikavimwaga kwenye droo, hivyo hivyo, na uma ndani yake,
vikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.
Sijui ni vingapi.