Kona ya Saranda

Reli haiimbi, asikudanganye mtu.
Pale njia inapoanza kuupanda mlima wa Saranda
chuma husaga meno,
kila usiku, saa nane na dakika kumi,
mabehewa ishirini na sita ya mizigo
yakijipinda kama ng'ombe waliobanana mlangoni mwa zizi.

Nyumba ya Foibe iko hatua thelathini na moja.
Nimezihesabu mwenyewe kwa buti za kazi,
toka taruma hadi kizingiti.
Vikombe vyake amevifunga kamba kabatini.
Mtoto wake, Nyemo, ana miezi mitano
na ratiba anaijua kuliko mkuu wa stesheni:
saa nane na dakika tano anakunja uso,
analia kabla treni haijafika.

Waliandika barua. Ikajibiwa kwa muhuri wa buluu:
reli ilitangulia, nyumba zimefuata.
Sechelela akaisoma kwa sauti, akaikunja,
akaniita nikiwa na nyundo begani,
akanionyesha ng'ambo ya tuta mawe matatu kwenye michongoma.
"Yule ni mama wa bibi yangu.
Muulize nani alitangulia."

Sikumuuliza. Mimi ni mtu wa gengi,
nakaza parafujo, nashindilia kokoto,
sina muhuri.
Nina ndoo moja ya grisi kwa mwezi
na kona nne za kuigawia.

Kupaka reli kuna adabu yake.
Kichwa chake usikiguse hata kwa kidole:
ukipaka juu, breki hazitashika mteremkoni
na kesho tutaokota watu.
Paka ubavu wa ndani tu,
pale ukingo wa gurudumu unapokwaruza,
kidogo kidogo, kwa brashi,
kama umpakavyo mtoto mafuta nyuma ya sikio.

Mwezi wa tisa ndoo haikuja.
Upepo ukaleta vumbi la Bahi,
reli ikakauka, ikawa inapiga kelele
mchana kweupe, hata kwa kiberenge chetu.
Grisi iliyobaki ilikuwa ngumu kama kiporo.

Sechelela akaja na chupa mbili za mafuta ya alizeti.
"Ilainishe kwa haya."
Nikamwambia, mama, vumbi litayala,
siku tatu tu, itaanza tena kulia.
"Basi siku ya nne uje. Alizeti ni zetu."
Mnyapara Chedego akageuka kuutazama mlima,
akaendelea kuutazama
mpaka tulipomaliza.

Usiku ule sikulala kambini.
Nilikaa kizingitini kwa Foibe, mgongo ukutani.
Ikaja taa kwanza, ikaupaka ukuta chokaa,
kisha mtetemo kwenye visigino,
kisha honi: moja, fupi.
Kumbe dereva naye ana mtoto,
au amechoka tu.

Likapinda.
Nikalisubiri lile jino.
Nikasikia uzito peke yake, uzito ukipita,
gunia likiburutwa juu ya mchanga,
na katikati yake, kwa mara ya kwanza
katika miaka yangu kumi na mmoja ya kona hii,
mtu akipumua ndani ya nyumba.

Behewa la ishirini na tatu:
ko. ko. ko. ko.
Gurudumu bapa. Breki iliwahi kuliburuta mahali,
likalika upande mmoja,
sasa linabisha hodi kila mlango
toka Gulwe hadi huku.
Hilo halina brashi. Halina alizeti.
Nyemo akafumbua macho.

Nililikimbilia, tochi mdomoni,
nikaandika namba yake kiganjani,
tarakimu sita, ya mwisho sikuiona vizuri,
tatu au nane.
Asubuhi nitazipeleka zote mbili.