Tisini na Mbili

Mkono wa mlango wa nyuma umelegea tangu Krismasi,
ukiushika unainama kama mlevi.
Leo nimeung'oa. Upepo wa Grimsby
umepenya tunduni, ukanigonga kifuani.

Juzi nilikadiria tu.
Nikarudi na wa themanini na tano,
rangi ya dhahabu, mzuri, haufai kitu.
Macho hayana pazia, wala hayana milimita.

"Katikati ya mkono hadi katikati ya ufunguo,"
alisema mzee Pickersgill dukani,
akanisukumia rula yake.

Tisini na mbili. Mweupe, wa kawaida.
Chuma cha mraba, skrubu mbili ndefu:
nakaza, najaribu, nalegeza kidogo.

"Umeshika?" Mwanahawa, toka jikoni.
"Njoo ufungue mwenyewe."

Anaubonyeza. Anauachia. Unarudi wenyewe.
Anafungua tena,
baridi yote inaingia,
hafungi.